Klachi ya Beetle 1500 ya mwaka 1969: kutafuta milimita zilizopotea

Wiki ya 1, Jumamosi

Injini imewaka. Miezi kumi na minne ya kuosha kabureta, kusaga upya viti vya valvu na kubadilisha nyaya zote imezaa matunda. Asubuhi ya leo Beetle ilikohoa mara tatu, ikatema moshi mweupe, kisha ikatulia kwenye mlio wake ule unaojulikana na kila aliyewahi kupanda gari hili. Mpwa wangu, ambaye amekuwa mkono wangu wa pili tangu siku ya kwanza ya kukwangua kutu, alipiga makofi. Nami nilimkumbatia.

Baada ya hapo nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikasukuma gia kwenda rivasi ili nilitoe gari nje. Giaboksi ikakwaruza kwa sauti ya kuumiza meno. Nikaachia. Nikajaribu gia ya kwanza: iliingia kwa shida, na ilipoingia tu gari likajongea mbele ilhali mguu wangu bado umekanyaga pedeli mpaka kwenye sakafu.

Kwa wanaofuatilia mradi huu kuanzia hapa: gari ni Volkswagen Beetle 1500 ya mwaka 1969, injini ya sentimita za ujazo 1493, umeme wa volti 12, na klachi pleti (diski inayopokea nguvu ya injini) ya milimita 200. Lilisimama chini ya paa kwa miaka kumi na moja kabla sijalipata. Sakafu nimeibadilisha pande zote mbili, lakini lile handaki la katikati, yaani sanduku refu la bati linalopita kati ya viti kutoka mbele hadi nyuma, sikuligusa kwa sababu kwa nje lilikuwa zima kabisa. Sentensi hiyo nitairudia baadaye.

Kabla ya kuzima injini nilifanya jaribio moja. Rivasi ya gari hili haina sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha kasi za gia kabla hazijashikana, tofauti na gia nne za mbele. Ukikanyaga klachi ukasubiri sekunde kumi hivi, shafti kuu ya giaboksi inatakiwa isimame, na rivasi iingie bila kelele. Nilihesabu mpaka ishirini. Ikakwaruza vilevile. Maana yake kuna kitu bado kinaizungusha shafti: klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi. Kama ingekuwa ni sinkronaiza iliyochoka, kelele ingetoka kwenye gia moja au mbili za mbele, na rivasi ingekuwa kimya baada ya kusubiri. Basi tatizo lina jina. Sasa mahali lilipo.

Wiki ya 1, Jumapili

Nimeanza na kilicho rahisi. Mwisho wa kebo ya klachi uko nyuma, upande wa kushoto wa giaboksi, ambako unapita kwenye mkono wa klachi na kubanwa na nati ya masikio. Nati hiyo ndiyo inayoamua mchezo wa pedeli, ile safari fupi ya mguu kabla rilizi beringi (beringi inayosukumwa ili klachi iachie) haijagusa presha pleti (bamba la springi linalobana klachi pleti). Kipimo chake ni milimita 10 hadi 20 juu ya pedeli. Wangu ulikuwa 35. Nikafurahi, nikadhani nimemaliza.

Nilikaza mpaka 15. Rivasi ikakwaruza. Nikakaza mpaka mchezo ukaisha kabisa, na hapo gia ikaanza kuingia kwa kusitasita.

Hapa ndipo wengi husimama, na nawaelewa, kwa sababu gari linatembea. Lakini klachi isiyo na mchezo ni beringi inayosuguana na presha pleti kila dakika ambayo injini inawaka, na kadiri klachi pleti inavyolika, ndivyo beringi inavyozidi kubanwa, mpaka siku klachi ianze kuteleza mlimani. Nilirudisha mchezo kwenye milimita 15, gari likawa bovu tena, na nikaliacha hivyo. Nataka kujua kwa nini.

Wiki ya 2

Kebo mpya. Ya zamani ilikuwa na nyuzi nne zilizokatika karibu na kijicho cha mbele, kwa hiyo ilistahili kutoka hata kama haikuwa na hatia.

Kuibadilisha si kazi ngumu, ila ina sehemu moja ya kutia hasira. Kijicho cha kebo kinavalishwa kwenye ndoano iliyo mwisho wa shafti ya pedeli, na ndoano hiyo imo ndani ya handaki, gizani. Inabidi ufungue pedeli zote pamoja, uvute kwa nje, uvalishe kijicho kwa kupapasa, kisha urudishe pedeli huku mwenzio akiivuta kebo nyuma isilegee. Ikilegea sekunde moja, kijicho kinachomoka na unaanza upya. Tulianza upya mara sita. Ndicho chuma kidogo cha kizuizi kilichoko mbele ya pedeli kinachoizuia pedeli isirudi nyuma sana na kuangusha kebo, kwa hiyo kifunge kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Nikapaka ndoano grisi nzito, nikafunga, nikarekebisha nati ya masikio. Rivasi: kelele ileile.

Wiki ya 3

Nimetoa injini. Naandika kwa kirefu kwa sababu nina majuto na hatua hii, ingawa haikupotea bure.

Mawazo yangu yalikuwa haya: gari limesimama miaka kumi na moja, unyevu umeingia, klachi pleti imeshikwa na kutu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Jambo hilo hutokea kweli. Au beringi ya sindano iliyomo ndani ya ile nati kubwa ya flaiwili imekauka na kuishika ncha ya shafti kuu, hivyo shafti inazungushwa na injini hata klachi ikiwa imeachia. Hilo nalo hutokea.

Injini ya Beetle inashikwa kwenye giaboksi na bolti na nati nne tu, mbili juu na mbili chini, zote za spana namba 17. Unafungua kebo ya mafuta ya mguu, hosi ya petroli, nyaya za koili, za jenereta na za swichi ya presha ya oili, kebo mbili za kipasha joto na lile bati la nyuma. Kisha unaweka jeki ya magurudumu chini ya tumbo la injini, unairudisha nyuma taratibu mpaka shafti itoke kabisa kwenye klachi pleti, ndipo unashusha. Neno "kabisa" lina uzito wake. Ukishusha injini mapema, inaning'inia kwenye shafti, na klachi pleti inapinda kiasi ambacho jicho halioni. Ukiirudisha, klachi itakwama kuachia, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa uleule uliokuja kuutibu.

Mpwa wangu alishika tochi, akawa ananihesabia upenyo kati ya injini na giaboksi. "Mjomba, bado kidole kimoja." Tukasogeza. "Sasa naona ncha ya shafti." Ndipo tukashusha.

Nilichokuta: klachi pleti nzima, unene wa kutosha, bila mafuta, imetazama upande sahihi. Presha pleti haina ufa, na vidole vyake viko usawa mmoja. Ina pete ya katikati, kama inavyotakiwa kwa giaboksi ya miaka hiyo ambayo beringi yake imeshikwa na klipu mbili kwenye uma bila bomba la kuongozea. Magari ya toleo la mwaka 1971 na kuendelea yana bomba hilo, na presha pleti yao haina pete. Ukichanganya vya zamani na vipya klachi haitafanya kazi sawasawa kamwe, na nimewahi kuona mtu akibadilisha klachi mara mbili kwa kosa hilo. Yangu iko sahihi.

Ile beringi ya sindano ilikuwa kavu kweli. Niliizungusha kwa kidole ikakwaruza kama mchanga. Nimeisafisha, nikatia grisi kidogo sana, kama ukubwa wa punje ya harage, kwa sababu grisi ikizidi hurushwa kwenye klachi pleti, na nikabadilisha kipete chake cha sufu. Kwa kuwa injini iko nje, nilipima pia mchezo wa ulalo wa krankishafti (shafti kuu ya injini), yaani inavyosogea mbele na nyuma, kwa saa ya kupimia: milimita 0.11. Unaotakiwa ni 0.07 hadi 0.13. Vile vishimu vitatu nyuma ya flaiwili, yaani pete nyembamba zinazorekebisha mchezo huo, havihitaji kuguswa. Oili sili ni kavu.

Nilifunga presha pleti kwa bolti zake sita, nikizikaza kwa msalaba, kila moja robo mzunguko kwa zamu, mwisho Nm 25. Injini ikarudi ndani jioni.

Tukaiwasha. Nilihesabu sekunde kumi. Rivasi ikakwaruza.

Sikusema kitu. Mpwa wangu naye alinyamaza, akaanza kufuta spana moja baada ya nyingine na kuzirudisha kwenye boksi.

Wiki ya 4

Nilimpigia simu fundi mmoja mstaafu, mtu aliyefungua giaboksi hizi kabla mimi sijajua kushika bisibisi. Nilimsimulia yote: nati ya masikio, kebo, injini, beringi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mkono wa klachi unasogea milimita ngapi?" akauliza.

"Unasogea, mzee. Nimeuona."

"Sikukuuliza kama unasogea, mwanangu. Nimekuuliza ngapi."

Sikuwa na jibu. Wiki tatu za kazi, na kipimo pekee nilichokuwa nacho ni cha pedeli, yaani mwanzo wa safari. Mwisho wake sikuwahi kuupima.

Fikiria jinsi gari hili lilivyo. Mguu uko mbele, injini na klachi viko nyuma, na katikati kuna zaidi ya mita mbili za waya. Beetle ilibaki na klachi ya kebo tangu mwanzo hadi gari la mwisho lilipotoka kiwandani Meksiko mwaka 2003, magari zaidi ya milioni 21 kwa jumla. Ni mfumo mzuri kwa sababu hauna mafuta ya kuvuja wala mpira wa kuchanika. Lakini kila kiungo njiani kinaweza kula kipande cha safari, na mguu wako hautajua. Pedeli itashuka mpaka sakafuni kama kawaida.

Basi tukapima. Kwanza nikatoa pedeli zote, nikazibana kwenye jiliwa, nikaisogeza pedeli ya klachi milimita 150 na kupima ndoano imekwenda wapi: milimita 30. Hizo ndizo kebo inapewa mbele.

Tukarudisha kila kitu. Nikaenda chini ya gari na kalipa, kile chombo cha kupimia milimita, mpwa wangu akakanyaga.

"Imegota, mjomba."

Mwisho wa kebo, pale kwenye nati ya masikio, ulikuwa umesogea milimita 16.

Nilimwambia aachie, akanyage tena. Kumi na sita. Mara ya tatu, kumi na sita na nusu. Milimita 30 zinaingia mbele, 16 zinatoka nyuma. Milimita 14 zimepotelea mahali ndani ya gari hili.

Kisha jaribio la pili, ili nijue klachi inahitaji ngapi. Tulinyanyua gurudumu moja tu la nyuma, lile jingine likabaki chini limewekewa kabari. Ukinyanyua yote mawili, gurudumu moja huzunguka mbele na jingine nyuma kupitia difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili), nawe utadhani klachi imeachia. Injini imezimwa, gia ya nne. Nikavalisha bomba refu la chuma kwenye mkono wa klachi, nikawa nauvuta kidogo kidogo huku mpwa wangu akijaribu kulizungusha gurudumu. Kwenye milimita 16 gurudumu lilikuwa kama limechomelewa. Kwenye 19 likaanza kulegea. Kwenye 22 likazunguka kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo klachi ni nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Inahitaji 22 na inapewa 16. Injini sikupaswa kuitoa, ijapokuwa ile beringi kavu nashukuru nimeikuta.

Nimemwandikia mzee matokeo. Akajibu kwa maneno machache: fuata bomba la ndani ya handaki.

Wiki ya 5

Hii ndiyo wiki niliyoipenda kuliko zote, na hatukufungua hata bolti moja.

Nieleze kwanza kinachotokea. Kebo ya klachi haipiti hewani ndani ya handaki. Inapita ndani ya bomba jembamba la chuma lililochomelewa kwenye vishikio kadhaa humo ndani, kutoka karibu na pedeli hadi nyuma, ambako bomba linachungulia nje kidogo karibu na pua ya giaboksi. Kutoka hapo hadi kwenye bano la giaboksi kebo inapita ndani ya hosi ya Bowden, ile hosi ngumu inayopinda. Hosi hiyo lazima ipinde, kwa sababu injini na giaboksi vinatikisika juu ya raba zake ilhali chasisi imetulia.

Sasa ukikanyaga pedeli, kebo inavutwa mbele. Kebo iliyovutwa inataka kunyooka, na hosi iliyopinda inaizuia. Kwa hiyo hosi nayo inasukuma: upande mmoja dhidi ya bano la giaboksi, upande wa pili dhidi ya mdomo wa lile bomba la chuma, ikilisukuma kuelekea mbele, ndani ya handaki. Nguvu yote unayoipeleka kwenye klachi ina mwenzake anayelisukuma bomba. Kinachozuia bomba lisiende ni tone la uchomeleaji kwenye vishikio, gizani, ambako hakuna anayepaka rangi wala kutazama.

Nilisafisha mdomo wa bomba kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Nikachukua chaki, nikachora mstari mwembamba kuzunguka bomba, palepale linapotokea kwenye chasisi. Nikalala chali, tochi shavuni.

"Kanyaga polepole."

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha mstari wa chaki ukaanza kutembea. Haukutetemeka, ulitembea, taratibu kama kinyonga, ukaingia ndani ya chasisi na kutoweka. Nilisikia mkwaruzo mdogo wa chuma juu ya chuma, sauti ambayo ukiwa ndani ya gari injini inawaka huwezi kuisikia kamwe.

"Achia."

Mstari ukarudi.

Nilimwambia arudie mara kumi, si kwa sababu nilihitaji, ila nilitaka kutazama. Kisha tukabadilishana, mimi nikakanyaga, yeye akalala chini. Alipouona akapiga kelele, "Mjomba, linaingia! Bomba zima linaingia!"

Kalipa ilisema milimita 11.

Zilizobaki 3 tulizitafuta kwa ukaidi tu. Moja iko kwenye ndoano, ambayo kijicho kimeilia mtaro kwa miaka mingi. Moja iko kwenye ile pini inayounganisha pedeli na shafti yake: ukishika shafti kwa koleo na kutikisa pedeli, unaona pengo. Moja ya mwisho naihesabu kwenye hosi ya Bowden yenyewe, ambayo imelainika na kujikunyata ikibanwa. Kumi na moja, moja, moja, moja. Kumi na nne. Kila milimita ina anwani yake.

Wiki ya 6

Kupasua handaki.

Tundu la gia na lile la chini ya kiti cha nyuma, linalofunikwa kwa kibati kwa ajili ya kiungo cha fimbo ya gia, yanatosha kupitisha kamera ndogo ya waya. Tuliingiza kamera, nikamwambia mpwa wangu akanyage, na tukaona kishikio kimoja kinatikisika peke yake huku bomba likiteleza ndani yake. Uchomeleaji umekatika safi, na pande zote mbili pamekatika zamani, maana pana kutu ya kahawia iliyokomaa. Nilidhani handaki ni zima kwa sababu kwa nje lilikuwa zima kabisa.

Kabla sijawasha grinda, jambo moja kubwa: ndani ya handaki hili mna bomba la petroli. Linapita humohumo, sentimita chache tu kutoka mahali pa kuchomelea. Tulimwaga tangi lote, tukalitoa kwenye gari, tukafungua bomba pande zote mbili, tukalipuliza kwa hewa muda mrefu, kisha tukaliziba ncha kwa vizibo. Tangi na madumu vikaenda mbali, nje. Betri, ambayo kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, nayo ikatoka. Tulisubiri mpaka kesho yake. Sikuwa tayari kuharakisha hatua hii kwa ajili ya kitu chochote.

Kebo ya klachi na ya mafuta ya mguu zikatoka pia, ili zisiungue.

Nilipima kwa kamera mara tatu, nikatoboa tundu dogo la uchunguzi, nikathibitisha, kisha nikakata dirisha la sentimita 8 kwa 6 ubavuni mwa handaki. Nilikata pande tatu, upande wa nne nikauacha ili bati lifunguke kama kurasa ya kitabu na baadaye lirudi mahali pake. Nikarudisha bomba kwenye nafasi yake ya asili. Nafasi ilijionyesha yenyewe: pana alama ya uchomeleaji wa zamani kwenye bomba, na inatakiwa ilale juu ya alama ya kwenye kishikio.

Kuchomelea bomba jembamba ni kazi ya pumzi. Moto ukizidi, chuma kinapenya na kutengeneza kijipu ndani ya bomba, na kijipu hicho kitakuwa msumeno wa kebo yako kwa maisha yake yote. Nilitia matone mafupi, moja juu, moja chini, nikasubiri papoe kila mara. Kisha nikaongeza kibanio kidogo cha chuma kilichokumbatia bomba na kishikio, nacho nikakichomelea upande wa kishikio tu. Baada ya kila tone mpwa wangu alipitisha fimbo laini ya chuma ndani ya bomba kutoka nyuma hadi mbele. Ilipita bila kugusa.

Vishikio vingine nilivikagua kwa kamera, nikavigonga kwa fimbo ya mbao. Vimeshika.

Dirisha limefungwa, limechomelewa kote, limesagwa, limepakwa praima ya zinki. Ndani nimepuliza nta ya kuzuia kutu kupitia tundu la gia. Ndoano nimeijaza kwa uchomeleaji na kuirudisha umbo lake kwa tupa. Pini ya pedeli ni mpya.

Wiki ya 7, Jumamosi

Hosi mpya ya Bowden, kebo ileile mpya, nati ya masikio, mchezo wa milimita 15.

Kalipa kwenye mwisho wa kebo: 28.

Injini ikawaka. Nilikanyaga, nikahesabu mpaka tano tu, rivasi ikaingia. Sikusikia kitu. Nilidhani sijaiingiza, nikatazama mkono wa gia kuhakikisha.

Lakini nilipoachia klachi ili gari liondoke, gari zima likatetema, kuanzia kwenye bampa hadi kwenye kioo cha ndani. Gia ya kwanza vilevile. Likishaanza kutembea linatulia.

Usiku nilitazama picha nilizopiga chini ya gari na nikaona kosa langu. Hosi mpya ni ngumu, na nilikuwa nimeifunga ikiwa karibu imenyooka kabisa. Mkunjo wake unatakiwa uwe milimita 25 hadi 45, ukipima kutoka kwenye mstari ulionyooka wa ncha mbili hadi katikati ya tumbo la hosi. Ikiwa imenyooka, injini inapotikisika wakati wa kuondoka, mtikisiko huo unaivuta na kuiachia kebo, yaani injini yenyewe inakanyaga na kuachia klachi mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo ile tetema.

Wiki ya 7, Jumapili

Mkunjo unaongezwa kwa washa, unazoweka kati ya bano la giaboksi na ncha ya hosi. Nilianza na mbili, nikapata milimita 18. Nne, 27. Tano, 33. Nikaishia hapo. Kila ukiongeza washa mchezo wa pedeli unapungua, kwa hiyo nati ya masikio ilirekebishwa upya, 15 tena.

Pia nilitazama raba ya mbele ya giaboksi nikiwa huko chini, kwa kuwa ikilainika nayo huleta tetema hiyohiyo. Ni ngumu na haina mpasuko.

Saa kumi jioni mpwa wangu alisimama nyuma ya gari kuniongoza. Nilikanyaga, rivasi ikaingia, nikaachia pole pole. Gari likarudi nyuma kimya, likapita juu ya alama ya mafuta sakafuni pale liliposimama mwaka mzima na zaidi, likatoka kwenye jua. Rangi yake sijaiona kwenye jua tangu niipake. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani.

"Mjomba, rudia," alisema. "Sikusikia gia ikiingia."

Nikarudia mara nne. Wiki ijayo ni breki za mbele.